KUVUJA HUKU SI NAFUU YA MCHUKUZI



Wazee wetu walisema ya kuwa kuvuja kwa pakacha ni nafuu ya mchukuzi. Walikuwa na maana yao: mzigo ukipungua njiani bega hupumzika, na hasara ni ya mwenye mali. Leo twataka kusema juu ya kuvuja kwa namna nyingine, ambako mchukuzi hapati nafuu yo yote. Ni oili inayovuja katika miguu ya mbele ya pikipiki. Mwenye mali haoni hasara, kwa maana oili ni kidogo na pikipiki bado yatembea. Mwenye kupata taabu ni yule aliyekaa juu yake.

Wengine watasema, "Chama kimekosa jambo la kusema. Mishahara haitoshi, kazi ni za mkataba wa miezi mitatu, na ninyi mwaandika habari za duara la mpira." Twajibu ya kuwa duara hilo la mpira ni jambo la mshahara, tena ni jambo la uhai. Someni mpaka mwisho, kisha mtuhukumu.

KITAMBAA CHA ASUBUHI

Nenda katika yadi yo yote wanakokusanyika matarishi na wachukuzi wa pikipiki kabla ya saa moja asubuhi. Utawaona wenzetu wamechutama mbele ya vyombo vyao, kitambaa mkononi, wanafuta. Mgeni akiwaona atafikiri hawa ni watu wasafi wanaopenda chombo king'ae. Sisi twajua wanachofuta. Wanafuta oili iliyoshuka juu ya mguu wa mbele, ili msimamizi apitapo na daftari lake asiione.

Kwa nini wafiche? Kwa sababu katika kazi nyingi iko kanuni isiyoandikwa, nayo ni hii: aliyeonyesha ubovu ndiye aliyeuleta. Ukisema sili imekwisha, karani huandika jina lako, na mwisho wa mwezi unakuta shilingi zimekatwa. Ama unaambiwa pikipiki itakaa kwa fundi siku mbili, na siku hizo mbili wewe hulipwi. Mtu mwenye watoto na kodi ya nyumba akipewa kuchagua kati ya kusema na kula, atachagua kula. Atafuta oili, atanyamaza, ataondoka.

Basi ubovu unajulikana na mtu mmoja tu, naye ndiye asiye na ruhusa ya kununua sili wala ya kuisimamisha pikipiki. Tajiri hajui, fundi hajui, karani wa stoo hajui. Hapo ndipo hatari ilipo.

Mwenzetu mmoja, tarishi katika nyumba moja ya biashara mjini Nairobi, alikuwa na pikipiki iliyovuja mguu ule wenye diski ya breki. Hatutaji jina lake wala la tajiri wake. Mara ya kwanza alisema. Sili ya mguu mmoja ikabadilishwa, na mwisho wa mwezi akakatwa bei ya sili, ya oili na ya fundi. Baada ya muda mguu ule ukaanza kuvuja tena, kwa sababu bomba lenyewe lilikuwa na kutu na hakuna aliyelitazama. Mara ya pili hakusema. Alikata shingo ya soksi kuukuu akaivika mguuni kama bendeji, na kila jioni akaikamua. Mvua za Aprili zikaja. Siku moja mkokoteni ulikata mbele yake; akashika breki ya mbele, nayo haikushika. Alivunjika mtulinga, akakaa nyumbani wiki nyingi.

Mkono ukiwa bado umefungwa shingoni, aliulizwa ofisini, "Mbona hukusema?" Swali hilo twalirudisha kwa waliouliza: aliposema mara ya kwanza, mlimfanyia nini?

MGUU WA MBELE UNAFANYA KAZI GANI

Yafaa kila mwanachama aelewe jambo hili, hata yule asiyepanda pikipiki, ili tukikaa mezani na matajiri tusidanganywe.

Gurudumu la mbele limeshikwa na miguu miwili, ambayo mafundi huiita shokamzoba za mbele. Kila mguu ni bomba la chuma linalong'aa, lililoingia ndani ya ganda la nje. Ndani mna springi, na ndani mna oili. Pikipiki ikiingia shimoni, bomba huzama katika ganda. Ikitoka, bomba hupanda. Juu kabisa ya ganda, mahali bomba linapoingia, pamekaa sili, duara la mpira lenye mdomo mwembamba unaolibana bomba. Kazi yake ni kuizuia oili isitoke bomba lipandapo. Juu ya sili mna mpira mwingine wa kuzuia vumbi na maji.

Springi hubeba, oili hutuliza. Haya ni maneno ya kushika. Springi ndiyo inayousimamisha uzito wa chombo, wa mtu na wa mzigo. Lakini springi peke yake haina adabu. Ukiibonyeza hurudi, na ikirudi hupita mpaka, kisha hushuka tena. Oili, ikilazimishwa kupita katika matundu madogo ndani ya mguu, ndiyo inayoipunguza mbio springi hiyo hata gurudumu likatulia barabarani.

Sasa oili ikivuja, springi bado ipo. Pikipiki haianguki. Inasimama vile vile mbele ya ofisi, na tajiri akitazama dirishani haoni tofauti. Kwa sababu hiyo husema, "Si inatembea?" Ndiyo, inatembea. Lakini katika matuta ya barabara gurudumu linarukaruka, na gurudumu lililo hewani haliwezi kushika breki wala kukata kona. Ukishika breki kwa nguvu, mbele inazama mara moja mpaka chuma kinagonga chuma. Mikono inakufa ganzi. Mpandaji mwenyewe huzoea kidogo kidogo, kwa maana oili haitoki yote siku moja, na mtu huzoea hata kilema.

Hiyo ni hatari ya kwanza. Ya pili ni breki. Oili hushuka kwa mguu, na chini ya mguu kuna breki. Katika pikipiki yenye diski, oili hufika kwenye diski na pedi. Katika ile yenye dramu, huchuruzika mpaka kitovu cha gurudumu na yaweza kuingia ndani, au huenda kwenye tairi. Pedi au breki shuu ikishanyonya oili haifai tena. Wako wanaoimwagia petroli na kuiwasha moto, wakifikiri imepona. Haikuponywa. Oili imo ndani, na breki ikipata joto barabarani itatoka tena. Dawa yake ni kutupa na kuweka mpya, na diski kuoshwa mpaka iwe kavu kabisa.

SILI HUHARIBIWA NA NANI

Matajiri wengi wana jibu moja: mpandaji. Sisi twasema, tuitazame kazi yenyewe.

Adui wa kwanza ni vumbi na tope. Tope hukauka juu ya bomba, kisha bomba huingia na tope lake chini ya mdomo wa sili, likaukata kama msasa. Aliyewahi kupita barabara za udongo mweusi wa Embakasi na Athi River wakati wa mvua, au udongo mwekundu wa Kiambu, hahitaji kuelezwa. Wa pili ni kutu na makovu ya mawe. Jiwe dogo likilipiga bomba, huacha kidonda chenye makali, na kila bomba lipandapo kidonda hicho huukwaruza mpira. Wa tatu ni mzigo uliozidi. Wa nne ni bomba lililopinda katika ajali ya zamani, likanyooshwa kwa macho tu. Wa tano ni fundi aliyejaza oili kupita kiasi. Hewa hukosa nafasi ndani, na msukumo wake huilemea sili. Wa sita ni umri, kwa maana mpira huzeeka hata chombo kikikaa bure.

Tukiwahesabu hawa sita, ni wangapi walioletwa na mpandaji? Barabara hakuitengeneza yeye. Udongo hakuuchagua. Mzigo ulipimwa stoo, akaambiwa apeleke mara moja badala ya safari mbili. Fundi alichaguliwa na ofisi.

Hatusemi ya kuwa sisi ni malaika. Wako wenzetu wanaopita juu ya matuta bila kupunguza mbio. Wako wanaobeba abiria wawili na watatu, na sheria yaruhusu mmoja tu. Wako wanaoacha tope likauke miguuni wiki nzima kwa uvivu wa ndoo moja ya maji. Hao twawaambia waziwazi: mnawapa matajiri fimbo ya kutupigia sote. Lakini makosa ya wachache hayageuzi uchakavu wa kazi kuwa deni la mfanyakazi.

JINSI YA KUIJUA NA KUITENGENEZA

Kupima ni kazi ya dakika mbili. Futa bomba zote mbili ziwe kavu. Shika breki ya mbele, kisha bonyeza usukani kwa nguvu mara kumi. Tazama. Unyevu mwembamba usioonekana ila kwa kidole si kitu. Lakini ukiona pete ya oili imezunguka bomba, au tone linashuka, sili inavuja. Kisha bonyeza mara moja uachie. Mbele ikipanda mara moja na kutulia, oili ipo. Ikipanda na kushuka na kupanda tena kama kitanda cha kamba, oili imekwisha.

Si kila kuvuja kunataka sili mpya. Mara nyingine ni uchafu tu uliokaa chini ya mdomo wa mpira. Inua polepole ule mpira wa vumbi, osha mahali pale, kisha chukua kipande chembamba cha plastiki laini, kwa mfano kilichokatwa katika chupa ya maji, kiwe na ncha kama ndoana isiyo kali. Kipenyeze kati ya bomba na sili, ukizungushe, ukivute nje. Utaona mchanga unatoka. Rudia, futa, pima tena. Usitumie bisibisi wala waya, kwa maana ukiukwaruza mdomo wa sili umeimaliza.

Ikiendelea kuvuja, sili zibadilishwe, na zibadilishwe zote mbili. Miguu hii ilizaliwa siku moja na imepita barabara moja. Mmoja ukichoka, wa pili uko njiani. Tena oili ya miguu miwili haina budi kuwa sawa, ama pikipiki itakuwa kama mtu aliyevaa kiatu kirefu na kifupi.

Fundi mwema hufanya hivi. Huegemeza pikipiki chini ya injini isimame imara, gurudumu likiwa hewani. Hulegeza kifuniko cha juu cha mguu kabla ya kuutoa, na hukifungua kwa hadhari, kwa sababu springi iliyobanwa hurusha kifuniko usoni. Humwaga oili ya zamani na kuitazama: ikiwa nyeusi yenye chembe za chuma, kuna kitu kinasagika ndani. Hulitenga bomba na ganda, hutoa ule waya wa kuzuia, kisha huitoa sili kwa mkono mwepesi asikwaruze kiti chake.

Hapo hufika jambo lile ambalo mafundi wa haraka huliruka, nalo ndilo lililomvunja mwenzetu. Bomba litazamwe na lipapaswe kwa ukucha tangu juu mpaka chini. Kidonda kidogo chaweza kulainishwa kwa msasa mwembamba sana wenye oili. Lakini bomba lenye kutu iliyochimba mashimo mahali sili inapopita, au lililopinda, libadilishwe. Kuweka sili mpya juu ya bomba bovu ni kutupa fedha. Itavuja tena upesi, na wewe utaambiwa, "Tumekwisha kukutengenezea."

Sili mpya hupakwa oili kwanza. Ncha ya bomba hufungwa karatasi ya plastiki ili makali yake yasiukate mdomo wa mpira. Sili hushushwa sawasawa kwa kipande cha bomba kilichokatwa kwa kipimo chake, haipigwi upande mmoja kwa bisibisi na nyundo. Waya wa kuzuia hurudishwa mahali pake. Oili hupimwa kwa chombo chenye alama, kwa kadiri ya kitabu cha pikipiki ile. Katika pikipiki nyingi ndogo haifiki robo lita kwa mguu mmoja. Itumike oili iliyotajwa kitabuni, wala si oili chafu iliyotolewa katika injini asubuhi ile. Mwisho, breki hutazamwa kabla mtu hajapanda.

Mambo haya hayahitaji mashine kutoka Ulaya. Ni spana, ni uangalifu, na ni nusu siku. Sili zauzwa katika maduka ya vipuri ya Barabara ya Kirinyaga mjini Nairobi na katika miji yote, na jozi moja ya sili za pikipiki ndogo haifiki bei ya kujaza tangi lake la petroli. Kwa fedha hizo mtu asiye na mkono mzima anaulizwa mbona hakusema.

SHERIA YASEMAJE

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, katika kifungu cha 19, yaeleza makato ambayo mwajiri ameruhusiwa kuyafanya katika mshahara. Kwa mali ya mwajiri iliyoharibika, yaruhusu kukata kiasi cha haki ikiwa uharibifu ule umetokana na kosa la makusudi la mfanyakazi. Someni maneno hayo mara mbili: kosa la makusudi. Mpira uliozeeka si makusudi. Tope la Aprili si makusudi. Kutu si makusudi. Atakayekata mshahara kwa sababu ya sili iliyochakaa kazini, na aonyeshe hilo kusudi liko wapi.

Tena iko Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka huo huo wa 2007. Yamtaka mwenye kazi aweke na atunze vyombo vya kazi visiwe na hatari. Yamtaka mfanyakazi naye amwambie msimamizi wake aonapo hatari. Na yakataza mfanyakazi kufukuzwa au kubaguliwa kwa sababu amelalamikia jambo analoliona si la usalama. Sisi twashikilia ya kuwa pikipiki ya tarishi ni chombo cha kazi kama mashine ya kiwandani. Hakuna meneja ambaye angethubutu kumwambia mwendesha mashine anunue mwenyewe mkanda wa mashine uliokatika. Basi kwa nini tarishi anunue sili?

Yatazameni mambo haya kwa pamoja. Sheria yasema: sema. Daftari la ofisi lasema: ukisema utalipa. Mtu hawezi kuwatii mabwana wawili. Ndipo anashika kitambaa.

Tajiri mwenye busara angeona ya kuwa kanuni hii yamtia hasara yeye mwenyewe. Sili isiyobadilishwa leo huharibu pedi kesho. Mguu uliokauka hugonga chuma kwa chuma na kusaga bomba, na bomba ni ghali kuliko sili mara nyingi. Wahenga wamekwisha kusema juu ya ufa na ukuta, hatuna haja ya kurudia. Lakini tajiri hataona faida hiyo maadamu kuna mtu wa kumtwisha gharama. Tukilikataa deni lisilo letu, ndipo atakapoanza kuhesabu.

WENZETU WA BODA BODA

Wako wenzetu wasio na mshahara wa mwezi. Wanapanda pikipiki ya mtu na kumpelekea fedha zake kila jioni. Mwenye pikipiki hujiita si mwajiri, na mpandaji hukuta petroli ni yake, faini ni yake, sili ni yake, na chombo ndicho tu si chake. Ndugu hao twawashauri wasichukue chombo kwa maneno matupu. Waandikiane karatasi na mwenyewe, hata ya mistari mitano, ikisema nani hulipa nini: uchakavu wa chombo kwa mwenye chombo, uharibifu wa kusudi kwa aliyeharibu, na siku ya matengenezo hakuna fedha za jioni. Mwenye chombo akikataa kuandika, mmekwisha kujua mapema nia yake.

Na wale wanaopanda pikipiki zao wenyewe, wengi wakiwa bado na deni la mkopo, wasidhani habari hii haiwahusu. Tajiri wao ni ile siku ya malipo, nayo haina huruma. Kwa hao twaona dawa ni steji. Watu ishirini wa steji moja wakichanga kidogo kila wiki waweza kuweka sili akiba, galoni ya oili ya miguu, na kile kipande cha bomba cha kushushia sili. Mtu akiona pete ya oili asubuhi, mchana chombo kimetengenezwa, na wenzake wamempa safari za kufidia. Hilo nalo ni kazi ya umoja, ijapokuwa hakuna mgomo wala hotuba.

TUNAYOYATAKA

Twapendekeza mambo haya yapelekwe katika mikutano ya matawi, na katika mazungumzo yetu na waajiri:

1. Kila yadi iwe na daftari la ubovu, likae mahali pa wazi. Mfanyakazi aandike tarehe, namba ya pikipiki na alichoona. Msimamizi atie sahihi siku ile ile.

2. Pikipiki inayotoa tone la oili miguuni, au ambayo oili imefika kwenye breki, isitoke nje ya yadi mpaka itengenezwe.

3. Gharama ya sili, oili, bomba na breki iliyolowa oili iwe ya mwenye chombo. Asikatwe mtu mshahara isipokuwa kusudi limethibitishwa mbele ya mwakilishi wa chama.

4. Siku ambayo chombo kipo kwa fundi, mpandaji apewe kingine au alipwe siku yake.

5. Uzito wa mzigo kwa kila aina ya pikipiki uandikwe ukutani stoo, na asilazimishwe mtu kuuzidi.

Nasi wanachama tuna upande wetu wa mapatano. Tuoshe miguu ya pikipiki tope likiwa bado bichi. Tupunguze mbio penye matuta. Tupime kila Jumatatu asubuhi kama tulivyoeleza. Na tuviache vile vitambaa. Kama ni kuifuta oili, tuifute ili tuone inatoka wapi, tusiifute ili mwingine asione.

Twajua ya kuwa mtu mmoja akisema peke yake, jina lake litaandikwa. Kwa hiyo tusiseme mmoja mmoja. Asubuhi moja, katika yadi moja, wapandaji wote waache kufuta. Pikipiki zisimame katika mstari, oili yake miguuni, na msimamizi apite na daftari lake aandike. Ataandika majina mangapi? Akifika jina la kumi atajua ya kuwa ubovu huu si wa watu kumi, bali ni wa kazi.

Wazee walimsema mchukuzi wa pakacha, ambaye mzigo ukivuja yeye hupumzika. Mchukuzi wa leo amekaa juu ya pakacha lenyewe, nalo likivuja huanguka pamoja nalo. Basi tusione haya kusema, tena tuseme pamoja.

UMOJA NI NGUVU.